Kiwavi na Sisimizi wa Kwedizinga

Niliporudi, nyote wa chumba chetu cha cherehani mliniuliza safari ilikuwaje, nami nikajibu "salama tu" kwa sababu nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Mama Jeni hakuridhika. Alisema mtu hawezi kwenda kumchukua kaka yake Korogwe, akarudi bila kaka, vidole vimemvimba, halafu aseme salama tu. Ana haki. Basi nimekaa nimeandika, ili msome wenyewe na nisirudie kwa kila mmoja wenu.

Singida hadi Korogwe

Sababu ya safari mnaijua nusu. Mwanaisha, binti wa kaka yangu, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akasema, "Shangazi, baba hatoki nje. Majirani wanasema mlango anaufungua wakati wa swala tu, na siku nyingine haufungui kabisa."

Kaka yangu Salehe anaishi Kerenge, huko Korogwe, chini ya milima. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, mpaka akastaafu. Mke wake, wifi yangu Rehema, alifariki mwaka jana. Siku ya mazishi kaka alikuwa imara kuliko sisi sote. Ndiye aliyekuwa akitubembeleza tunyamaze. Kumbe huzuni yake ilikuwa inasubiri watu waondoke. Nikamwambia Mwanaisha, nakwenda kumchukua, atakaa kwangu Singida.

Basi letu lilikwenda vizuri hadi karibu na Gairo, likakatika mkanda wa feni. Tulishuka wote, upepo wa pale ukatupiga hasa. Kina mama wakaja na mahindi ya kuchoma, wakafanya biashara nzuri siku hiyo. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye koti zito, aliyenipa nusu ya mkate wake bila hata kuniuliza jina. Aliniuliza tu ninakokwenda. Nilipotaja Korogwe akasema aliwahi kukaa huko ujanani, na kitu anachokikumbuka ni harufu ya mkonge. Nikamwambia, hata mimi.

Na kweli ilikuwa hivyo. Tulipita Segera nimesinzia, nikaamshwa na harufu hiyo dirishani, ya majani mabichi yaliyosagwa na kuanza kuchacha. Mgeni huziba pua. Mimi nilivuta pumzi ndefu, kwa sababu ndiyo harufu ya shati la baba yangu akitoka kazini, na baadaye ikawa ya shati la kaka. Nilipofika Korogwe milima ilikuwa imejifunika wingu mpaka kiunoni, na sikuwa tena mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Nilikuwa mtoto aliyetumwa.

Kerenge

Mlango ulifunguliwa baada ya kugonga sana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Alinitazama, akaitazama mikoba yangu. "Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita. Nimekuja kula machungwa."

"Machungwa yako nje. Maji moto wameyakalia."

Hayo ndiyo makaribisho niliyopata. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani. Ndani kulikuwa safi, jambo lililonitisha zaidi kuliko ningekuta uchafu. Kanga za wifi Rehema zilikuwa bado kwenye kamba ya chumbani, zimekunjwa alivyozikunja mwenyewe. Nilipika wali na maharage; akala matonge mawili matatu akaosha mikono. Nilipomwambia habari ya Singida alitikisa kichwa. "Huko kwenu ni upepo na mawe. Mimi nitafanya nini huko?" Basi, tukakaa. Tulikuwa tukiulizana kama chai imechemka, na mazungumzo yakiishia hapo.

Asubuhi moja nilikwenda kuchuma machungwa nyuma ya nyumba. Mnawajua maji moto, wale sisimizi wekundu warefu wanaokaa juu ya miti. Sikuwahi kuwatazama kwa jicho la ushonaji mpaka siku ile. Walikuwa wamevuta majani mabichi yakakutana, kisha wakayashona kwa uzi mweupe, pindo limekaa vizuri kuliko la mwanafunzi wangu yeyote. Nikasogea nione. Wakanishukia shingoni, nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Kaka akatoka. Mara ya kwanza kumwona juani tangu nifike. Alinipangusa shingo na kanga, huku akinigombeza kwamba tangu utotoni siwezi kuangalia kitu bila kukigusa. Kisha, akiwa ameshika tawi, akaliinamia. Akanivuta karibu.

"Hebu ona hapa."

Kwenye kikonyo cha chungwa kulikuwa na vidudu vidogo vimejibandika kama magamba, havina miguu ya kuonekana. Maji moto walikuwa wamesimama juu yao, wanawagonga taratibu kwa papasi zao, zile pembe nyembamba za kichwani. Kidudu kimoja kikatoa tone dogo la maji nyuma. Sisimizi akalinywa, akahamia kwa mwingine.

"Ng'ombe wao," kaka akasema. "Wanawakamua. Mbuzi wangu akija kula majani haya watamng'ata, kwa sababu analeta shida malishoni." Akageuza jani. "Sawasawa na yule kiwavi wa Kwedizinga."

Hapo lazima niwaeleze. Sisi asili yetu ni Kwedizinga, Handeni. Kabla baba hajapata kazi kwenye mkonge, tulikuwa tukichunga mbuzi kwenye mbuga ya mama, yenye udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua. Huko kuna migunga mifupi yenye miba iliyovimba chini, mviringo, myeusi, ndani tupu. Sisimizi wametoboa matundu wanaishi humo, na upepo ukipita kwenye matundu, miti mizima inapiga mluzi. Siku moja tuliona kiwavi bapa wa kijani anatembea tawini, sisimizi wamempanda mgongoni na kumzunguka pande zote, mpaka akaingia nao ndani ya mwiba. Kaka alisema ni mfugo wao, wanamrudisha zizini. Mimi nilisema ni mfungwa. Tulibishana mpaka mbuzi wakaingia shamba la watu, tukachapwa wote wawili. Ubishi huo haukuisha. Hata siku ya harusi yangu kaka alininong'oneza, "Alikuwa ng'ombe wao."

"Alikuwa mfungwa," nikamwambia sasa, chini ya mchungwa. "Waliingia naye na hakutoka."

"Ulikuwa mtoto mdogo kabisa, ungejua nini."

"Na wewe ulikuwa mkubwa, ukasimama mbali kwa kuogopa kung'atwa."

Alicheka. Kicheko kifupi, kikakwama katikati kama kimemshtua mwenyewe. Akaachia tawi, akapangusa mikono.

"Basi twende," akasema. "Twende tukaangalie, yaishe."

Nilidhani ni maneno tu. Nilipomaliza kuosha vyombo nikamkuta amevaa viatu.

Kerenge hadi Misima

Tulirudi Korogwe mjini, tukapata basi la Handeni. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa na lori limelala ubavu mbele yetu, kwa hiyo tulisimama Misima kwa muda ambao dereva alisema ni "kidogo" na ukawa sehemu kubwa ya siku. Abiria walitawanyika. Sisi tuliingia kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Veronika, mchangamfu, ambaye babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi. "Mimi ni Mngoni wa Misima," alisema. "Kingoni sijui, Kizigua nakisikia." Alitupa chai ya rangi yenye tangawizi na mihogo ya kuchemsha.

Nyuma ya kibanda siafu walikuwa wakivuka njia, mkondo mweusi mnene kama kamba ya katani, wakubwa wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni wameachama. Kaka akachukua kigoda akakaa mbele yao. Alikaa sana. Nikaenda kumwangalia nikidhani amerudiwa na huzuni.

"Tazama huyu," akasema bila kugeuka.

Katikati ya mkondo alikuwa akikimbia kijidudu cha rangi ya kutu, mgongo mfupi, mkia umeinuliwa. Hakuwa siafu. Lakini alikimbia kwa mwendo wao, akikunja wanapokunja, na siafu waliompita walimgusa wakaendelea. Panzi mdogo aliyeangukia pale alikatwakatwa tukimwona. Kile kijidudu hakikuguswa. Kikaja kingine. Halafu tukaona wengine zaidi, kila baada ya muda, wamechanganyika humo humo.

"Siafu wanakula kila kitu," nikasema. "Hawa mbona wanaachwa?"

"Labda wananuka kama wao," kaka akasema. "Kule kiwandani mtu akikaa mwaka mmoja ananuka mkonge. Mbwa wa kambini hambwekei tena."

Abiria mmoja, mtu mzima mwenye koti la kuakisi mwanga, alikuwa amesimama nyuma yetu akisikiliza. Akachuchumaa kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Samahani, mnafuatilia sisimizi?"

"Marahaba. Ndiyo, sisimizi."

"Hawa wa hapa wanaonyesha kitu?"

"Hawa wanaonyesha kidogo," kaka akajibu kwa dhati. "Wenyewe hasa wako Kwedizinga, kwenye udongo mweusi. Pale tuliona zamani, tukaacha. Sasa tunarudi kuhakikisha."

Yule bwana aliitikia kwa kichwa taratibu, akashukuru, akaenda mbali kidogo akaanza kupiga simu. Mama Veronika alikuja na birika akatutazama kwa namna nyingine.

"Mzee, sijui kama mnajua mnachosema," akasema kwa sauti ya chini. "Huku Handeni mtu akiulizia vichuguu na sisimizi, watu wanajua anatafuta dhahabu. Sisimizi wanapandisha udongo wa chini, wachimbaji wanausafisha waone kama una chembe. Sasa umemwambia yule Kwedizinga mliona zamani mkaacha."

Kaka alishika kikombe hewani. "Nimemwambia kuhusu kiwavi."

"Hukutaja kiwavi hata mara moja," nikamwambia.

Tulicheka wote watatu, nami nikaona Mama Veronika anaicheka safari yetu yote, na ana sababu. Lakini yale maneno yalikuwa yameshaondoka, na simu inafika kabla ya basi.

Misima hadi Kwedizinga

Tulilala Handeni mjini, asubuhi tukakodi bajaji hadi kwa Hadija. Hadija ni binti wa marehemu mjomba wetu. Sisi tulipohamia Korogwe, mjomba ndiye aliyebaki na shamba la mama, na baada yake akalilima Hadija. Tulichunga naye mbuzi. Nilitarajia akimbie kutulaki.

Alisimama mlangoni mikono imefungwa kifuani. Alimwamkia kaka, akanisalimu kwa Kizigua nami nikababaika kujibu, akatutandikia mkeka. Kila kitu kilikuwa sahihi na hakikuwa na joto. Jioni alitupakulia bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga. Jamani, sikuwa nimekula bada tangu mama afe. Ile rangi yake ya majivu, inavyoteleza, na uchungu wa mchunga unaokuja nyuma ya ulimi. Nilijikuta nakula macho yamelowa. Kaka alikuwa akimega, akimega tena.

Kaka alipouliza kuhusu migunga ya mbugani, Hadija alikuwa akikusanya vyombo. "Ilikatwa yote," akasema. "Wachoma mkaa walimaliza zamani." Akatoka.

Nilimwona kaka anavyoshuka mabega. Usingizi wake usiku ule ulikuwa wa kujigeuza tu.

Asubuhi tulipokuwa tunafunga mikoba, Hadija aliingia akakaa kwenye kizingiti, akatuzibia njia.

"Salehe, nieleze sasa, kabla hujaondoka. Nimepigiwa simu na watu wawili. Umekuja kuchukua shamba la mama yako, au umeleta wachimbaji?"

"Sikuja kwa hayo."

"Miaka yote hamjakanyaga hapa. Leo mnafika, mmeshika mikoba, mnauliza mbugani, mnauliza miti ya mpakani. Mimi nimezeeka kwenye jembe lile. Niambie ukweli."

"Nimekuja kumwangalia kiwavi," kaka akasema.

"Usinifanye mtoto."

Niliingilia, nikaanza kueleza habari ya mchungwa, ya maji moto, ya kubishana. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Kaka akaninyamazisha kwa mkono.

"Hadija, Rehema amekufa," akasema. "Mwaka jana. Nikikaa ndani ya nyumba ile nasikia asivyokuwepo. Sikuwa na la kufanya, nikafunga mlango. Zube huyu hapa alipokuja tukabishana habari ya kiwavi, kama zamani, na kwa muda mfupi nikasahau. Ndiyo nikasema nije. Shamba ni lako. Umelilima wewe, na mbele ya dada yangu nasema, watoto wangu hawatakuja kulidai."

Hadija alimtazama muda mrefu. Mikono ikafunguka kifuani, ikaangukia mapajani.

"Rehema wa kucheka? Yule Rehema aliyekuja hapa bi harusi?"

"Huyo."

"Sikupata habari," akasema. "Wallahi sikupata habari, Salehe." Akajifunika uso na mtandio. Tukakaa hivyo sote watatu, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Alipoondoa mtandio sauti yake ilikuwa ya yule Hadija niliyemjua. "Migunga ipo. Nilisema imekatwa ili mrudi zenu. Imebaki kona ya chini, na keshokutwa trekta inaingia, nataka kupanda ufuta. Twendeni."

Mbugani

Niliisikia kabla ya kuiona. Mluzi ule ule, mwembamba, wa sauti nyingi kwa pamoja, kama watu wanaopuliza chupa wakiwa mbali. Miti yenyewe ilikuwa michache, imesogezwa pembeni na mahindi, mifupi kuliko nilivyoikumbuka. Au mimi ndiye niliyekuwa mfupi zamani. Kaka alitangulia. Alipofika alisimama akiwa ameegemeza mkono kiunoni, akawa anasikiliza tu. Sikumsogelea.

Sisimizi wenyewe hawajabadilika. Ukigusa tawi wanatoka kila tundu, wameinua matako juu ya migongo, na wananuka harufu kali inayokaa puani. Walinipata vidoleni mara ile ile, ndio uvimbe mliouona. Hadija alituletea vigoda na chupa ya chai, akasema anarudi palizini. Hakurudi. Alisimama nyuma yetu akitazama tunachotazama.

Tuliangalia mwiba mmoja baada ya mwingine. Tuliona buibui mdogo anayetembea kama sisimizi, miguu miwili ya mbele ameinyanyua kuwa papasi. Hadija alimgundua kwa sababu aliruka. Tuliona magamba yale yale ya kukamuliwa, ndani ya mwiba uliopasuka. Kiwavi hakuna. Jua lilipanda, kaka akavua koti. Nilianza kuogopa kwamba hatutamwona, na nikajiuliza nitamrudishaje mtu huyu Kerenge akiwa hana hata ubishi wa kushikilia.

"Huyu si ndiye?" Hadija akasema.

Alikuwa kwenye tawi la chini, upande wa kivuli. Bapa, wa kijani iliyofifia, nyama yake imetandazwa juu ya miguu kama kitambaa kilichowekwa bila kubanwa. Alikuwa anakula jani changa. Sisimizi walikuwa juu yake, mmoja mbele, wengine nyuma karibu na mkia, wanampapasa. Tone dogo likatokeza mgongoni, likanywewa mara moja.

"Umeona?" kaka akasema kwa kunong'ona. "Wanakamua."

Kiwavi aliacha jani akaanza kurudi, msafara wake pamoja naye, mpaka kwenye mwiba uliovimba. Tundu lake lilikuwa limepanuliwa kuliko mengine. Aliingiza kichwa.

"Umeona?" nikasema mimi. "Anaingizwa."

Lakini hakuingia wote. Alisimama mlangoni. Sisimizi mmoja akatoka ndani, wakakutana uso kwa uso. Kiwavi akainua kichwa, akamgusa sisimizi mdomoni. Sisimizi akafungua taya, na kitu kinachong'aa, kidogo kabisa, kikapita kutoka kwa sisimizi kwenda kwa kiwavi. Kikapita tena. Kiwavi alikuwa anapokea kichwa kimetulia, kama mtoto anavyokunywa uji kwenye kijiko.

Hadija alisogea, akainama kati yetu.

"Mbona wanamlisha wao?" akauliza. "Ng'ombe hupewa cha mdomoni kwa mtu? Au mfungwa?"

Kaka alikuwa ameinama, uso karibu na miba. Niliogopa kwamba analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anatabasamu pia. "Tulichapwa bure, Zube," akasema.

Tulikaa pale hadi chai ikapoa. Waliongea, yeye na Hadija, habari za Rehema alivyokuja bi harusi na kukataa kupita mbugani kwa kuogopa mluzi, akidhani ni majini. Mimi sikuijua hadithi hiyo. Kaka alimtaja jina mara nyingi kuliko alivyomtaja tangu nifike.

Kisha Hadija akakumbuka trekta. Kaka hakumwomba kitu; aliangalia tu ile miti. Hadija akazunguka ile kona akipima kwa macho, akavunja kijiti, akakichomeka.

"Dereva atazungukia hapa," akasema. "Ufuta hautakufa kwa kukosa kona moja."

Kurudi

Siku ya kuondoka nilifunga mikoba yangu na ya kaka. Alipoingia akaitoa yake, akaiweka kando.

Kumbe asubuhi ile alikuwa ameshafika mbugani. Kwenye mwiba mmoja wa jirani, wenye tundu pana, alikuwa amechungulia akaona ganda la kahawia limejishika ndani. Kiwavi mwingine aliyekwisha kujifunga.

"Atatoka kipepeo," aliniambia. "Hana maziwa tena, hana cha kuwapa. Ana mabawa ambayo hayajakauka, na yuko katikati ya nyumba yao. Sasa watamfanya nini?"

"Watamla," nikasema.

"Hawatamla."

"Kaka, hana ulinzi wowote."

"Basi nitakaa nione."

Nilimtazama Hadija. Alikuwa anapepeta mchele na hakuinua kichwa. "Chumba kipo," akasema. "Cha baba. Paa linavuja kidogo kwenye pembe, na yeye si fundi?"

Nilimpigia Mwanaisha njiani nikamweleza kwamba baba yake hayuko Kerenge wala haji Singida. Yuko Kwedizinga anamsubiri kipepeo. Akaniuliza kama baba ana akili timamu. Nikamwambia ndiyo, na anakula. Akaanza kulia, nami nikamwacha alie.

Sitawachosha na basi la kurudi. Nilikaa dirishani, mkonge ukapita mistari kwa mistari, na nilihuzunika kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuchukua mtu na nimemwacha, tena mahali ambapo mimi mwenyewe nilitaka kubaki. Pale Mkata nilikaribia kushuka.

Mnakumbuka siku ile nilipoacha gauni la bi harusi kwenye mashine nikatoka nje na simu? Kaka ndiye aliyekuwa amepiga. Hakunisalimia hata.

"Ametoka," akasema.

Alinisimulia polepole, kama mtu anayetembea bado na kile kitu machoni. Kipepeo alitoka kwa miguu, mabawa yamejikunja, yamelowa. Sisimizi walimjia mbio. Walimpapasa, mmoja akamshika bawa, akabaki na unga wa bawa mdomoni, akahangaika kujipangusa. Kipepeo hakukimbia. Alipanda juu ya mwiba taratibu, akaning'inia, akayatandaza mabawa mpaka yakakauka. Nje yalikuwa ya kijivu. Alipoyafungua, ndani yalikuwa ya zambarau. Kisha akaruka kuelekea kwenye mahindi ya Hadija.

"Kwa hiyo hawakumla," nikasema.

"Hawakumla. Lakini yule mmoja alijaribu, siwezi kusema uongo. Kwa hiyo hapo hatuna jibu kamili." Nilisikia mluzi wa miti nyuma yake, na sauti ya Hadija akimwita akanywe uji. "Mwambie Mwanaisha asinitafute Kerenge wiki hii," kaka akasema. "Kuna mwingine hapa, tawi la juu."